Mbwa Akilala Chali, Akijikunja, Akijitandaza: Sakafu, Godoro, Kitanda cha Kamba au Banda?

Wafugaji wengi wa mbwa Dar es Salaam wamekutana na hili. Godoro zuri limenunuliwa na kuwekwa kwenye kona yake, lakini mbwa analala pembeni yake, juu ya marumaru, tumbo chini na miguu ya nyuma imetupwa nyuma kama ya chura. Mwingine kajengewa banda lenye paa na rangi, na kila usiku anakutwa mchangani chini ya gari. Mwenye mbwa anaudhika, anaona mbwa mkaidi. Hakuna ukaidi hapo. Mbwa huchagua pa kulala kwa mwili wake, na ule mkao unaokushangaza ndio unaoeleza kinachomsumbua au kinachompa raha: joto, ubaridi, kiungo kinachouma, hofu, au usingizi mzuri tu.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi au dukani, mtazame anavyolala. Hapa chini nalinganisha malazi manne ambayo mtu wa mjini kwetu anaweza kuyapata bila shida: sakafu tupu, godoro, kitanda cha kamba kilichoinuliwa, na banda la nje. Yote nimeyapima kwa vigezo vilevile. Hakuna moja linalomfaa kila mbwa, ila lipo moja ambalo mara nyingi hujengwa vibaya hapa Dar, na nitakaa nalo zaidi.

Vigezo, na mikao inayovihusu

Joto ndilo la kwanza kwa mji huu. Mbwa mwenye afya ana joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, juu ya letu. Mwilini hatoki jasho. Tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza huifanya kwa kuhema, ulimi nje, ili unyevu wa mdomoni ukauke na kuondoka na joto. Sasa ifikirie Dar ya Januari au Februari, mchana umefika nyuzi 32 na hewa ya bahari imejaa unyevu. Hewa ya namna hiyo haikaushi kitu haraka, kwa hiyo mbwa anahema sana na kupoa kidogo. Hapo ndipo tumbo linapoingia kazini. Ngozi ya tumbo na ya kinena ina manyoya machache. Akilala kifudifudi na miguu nyuma, ameibandika ngozi hiyo kwenye sakafu ya baridi ili joto lishuke chini. Akilala chali, miguu hewani, ameianika ngozi ileile kwa upepo. Kujikunja, pua ikifichwa mkiani, ni kinyume chake: anatunza joto lisimtoke. Mkao huo utauona zaidi alfajiri za Juni hadi Agosti, na mwaka mzima kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Cha pili ni viungo na ngozi. Mbwa mzima hulala na kusinzia saa 12 hadi 14 kwa siku, na watoto na wazee huzidi hapo. Saa zote hizo uzito umekaa kwenye viwiko, mabega na nyonga. Kuzunguka mara mbili tatu na kuparua kabla ya kulala ni kawaida ya mbwa wote, usihangaike nako. Kinachopaswa kukusimamisha ni mbwa anayezunguka, akaanza kushuka, akaghairi, akazunguka tena. Au anayejitupa chini kwa kishindo badala ya kujishusha. Au anayeamka kwa miguu ya mbele na ya nyuma inachelewa kufuata. Huyo anaumwa mahali.

Cha tatu ni utulivu. Mbwa aliyelala ubavu, miguu imenyooka na shingo imelegea, amelala fofofo. Ni katika mkao huu utaona miguu ikitikisika, midomo ikicheza, na sauti ndogo za kubweka zikitoka ndani kwa ndani. Anaota, mwache. Kulala chali nako kunahitaji aamini kwamba hakuna atakayemvamia, maana ameacha tumbo wazi. Anayelala kifua chini, kichwa juu ya miguu ya mbele na masikio yakigeuka kila sauti inapotokea, amejipumzisha tu. Anaweza kuwa amesimama kabla hujamaliza kumwita. Mbwa mlinzi akiwa hivyo usiku, yuko kazini. Akiwa hivyo mchana pia, maana yake hapati usingizi.

Cha nne ni wadudu na usafi. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia inayomtofautisha na kupe wengi: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba au banda. Jike akishiba damu hudondoka, hutambaa hadi kwenye ufa, na humo hutaga mayai kwa maelfu. Ndiye anayeeneza homa za kupe, zile zinazomfanya mbwa anyong'onyee, akatae chakula, ufizi upauke, na wengine watokwe damu puani. Viroboto nao mayai yao hayashiki kwenye manyoya; humwagika pale mbwa anapolala. Hivyo malazi ndiyo kituo cha wadudu, na malazi yasiyosafishika yanakurudisha kwenye dawa kila mwezi.

Cha tano ni watu wa nyumba. Dar ni mji wa nyumba za kupanga, wa uani mnapofulia pamoja na kupika pamoja. Ni pia mji wa Waislamu wengi, na kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa sana pwani hii, mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kama unaishi na watu wa aina hiyo, au wewe mwenyewe ni mmoja wao na unafuga kwa ulinzi, malazi ya mbwa yanapangwa pamoja na heshima hiyo tangu mwanzo.

Sakafu tupu

Kwa joto, marumaru na saruji iliyosakafiwa vizuri hazina mpinzani. Mbwa anayelala kifudifudi na miguu nyuma ameshakwambia anataka nini. Ila angalia ni sakafu ipi. Marumaru ya chumba cha kaskazini au kusini hukaa baridi hadi jioni; ya baraza inayopigwa na jua la alasiri huwa kikaango saa tisa, na mbwa atahamia bafuni au chini ya meza. Kuhamahama huko ni dalili ya joto la mahali.

Kwa viungo, sakafu ni ngumu, na ugumu huo una gharama. Jamani shepadi, rotwaila na wenzao wazito huota sugu viwikoni, ngozi ngumu isiyo na manyoya. Sugu yenyewe si ugonjwa. Lakini kiwiko kinachogongwa sakafuni siku hadi siku kinaweza kuvimba na kujaa maji, na uvimbe huo ukipasuka huingiwa na vijidudu. Pili, marumaru yanateleza. Mbwa mzee mwenye nyonga dhaifu anahangaika kuinuka, miguu inamkimbia kila upande, na baada ya muda anaacha kuinuka mpaka alazimike. Ukimwona analala karibu na ukuta na kuusukuma ili asimame, sakafu imeshamshinda.

Usafi wake ni rahisi kuliko wote: fagia, piga deki, acha ikauke kabisa ndipo alale, kwa kuwa tumbo lake ndilo litakalogusa ile dawa ya deki. Nyufa za saruji na pembe za ukuta ndizo za kuzibwa, humo ndimo kupe hukaa. Utulivu hutegemea mahali. Mbwa hatalala ubavu katikati ya njia ya watu.

Inamfaa mbwa mdogo au wa wastani, mwenye nguvu zake, hasa mwenye manyoya mengi au pua bapa. Haimfai mzee, aliyekonda mpaka mifupa imejitokeza, wala vitoto vya wiki chache. Vitoto vya mbwa katika wiki mbili tatu za kwanza haviwezi kujipatia joto vyenyewe, na sakafu tupu huvinyonya joto hata kwenye mji huu.

Godoro

Hapa mpangilio unageuka. Kinachopotea kwenye joto kinapatikana kwenye viungo. Sponji hushika joto la mwili na kulirudisha kwa mlalaji, ndiyo maana mbwa wako huondoka godoroni saa tano asubuhi na kurudi saa tisa usiku. Wenye mbwa wanaona kama amelikataa, kumbe analitumia kwa zamu. Ukiona alama ya mwili wake godoroni alfajiri na mwenyewe yuko sakafuni mchana, usilitupe. Liache hapohapo karibu na marumaru, apate vyote viwili.

Unene wake uendane na uzito wa mbwa. Bonyeza kwa ngumi: ukigusa sakafu, kiwiko chake pia kinagusa. Kwa mbwa mzito sitachukua chini ya inchi 4, na iwe sponji nzito. Yale magodoro mepesi yanayoshuka katikati baada ya miezi michache yanamfanya mbwa mzee ahangaike zaidi kuinuka kuliko sakafuni. Kipande kilichobaki kwa fundi wa makochi kinatosha, ukikishonea mfuko wa turubai jepesi wenye zipu.

Kwa utulivu, godoro linashinda sakafu kwa sababu ni mahali pake. Mbwa hupenda kuegemea, wengine huweka kichwa juu ya ukingo, kiatu au kizingiti. Wenye pua bapa hufanya hivyo ili njia ya hewa ifunguke, wengine kwa raha ya shingo. Godoro lenye ukingo ulioinuka upande mmoja huwapa walichokuwa wakikitafuta kwenye viatu vyenu.

Wadudu ndio udhaifu wake mkubwa. Sponji isiyo na mfuko wa kuvulika hunyonya mkojo, jasho la nyayo, unyevu wa masika, kisha mayai ya viroboto. Mfuko ufuliwe kila wiki kwa maji ya moto, yafike nyuzi 60 ukiweza, na ukauke juani mpaka uwe mkavu kwelikweli. Nasisitiza ukavu kwa sababu yupo nzi mmoja wa rangi ya hudhurungi katika nchi zetu za joto ambaye hutaga kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa bado mbichi na kwenye mchanga wa kivulini wenye mkojo. Buu lake hutoboa ngozi ya mbwa, na ya mtu pia, likaota uvimbe wenye kitundu. Pasi ya moto huua mayai hayo.

Linamfaa mzee, mbwa mzito wa ndani, anayenyonyesha ukiwa unafua kwa bidii, na mbwa wa chumba cha kiyoyozi. Usimpe mtoto wa mbwa anayetafuna kila kitu. Sponji iliyomezwa inaweza kuziba utumbo, na hapo ni upasuaji.

Kitanda cha kamba kilichoinuliwa

Babu zetu wa pwani walilala kwenye vitanda vya kamba kwa sababu ileile inayomhusu mbwa wako: hewa inapita chini. Fremu ya mbao yenye kamba za usumba au katani zilizosukwa, au fremu ya bomba la mraba iliyochomelewa na kuvutwa turubai juu yake. Maseremala wa Keko wanaweza kukitengeneza, na fundi yeyote wa kuchomelea mtaani kwako pia. Kimo cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha.

Kwa joto hakimpi mbwa ule ubaridi wa marumaru wa kubandika tumbo. Kinampa upepo pande zote mbili, na kwa mji wenye unyevu kama huu hilo lina thamani kubwa, hasa usiku usio na umeme. Mbwa wa chali na wa ubavu wanakipenda. Yule wa kifudifudi wakati mwingine atashuka, na si vibaya. Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma alfajiri, upepo uleule wa chini unakuwa ubaridi, na utamkuta amejikunja. Mtupie gunia au blanketi la mtumba juu ya kamba, basi.

Kwa viungo, kamba au turubai hugawanya uzito, kiwiko hakigongi kitu. Ningependa watu wengi wenye mbwa wakubwa walijue hili kabla hawajatumia pesa kwenye magodoro. Tatizo ni kupanda na kushuka: mzee wa nyonga mbovu ataona hizo sentimita 20 kama ngazi. Mfupishie miguu ya kitanda, au mweke kwenye godoro. Msuko uwe wa karibu karibu. Mguu wa mtoto wa mbwa ukipenya kati ya kamba na akashtuka, anaweza kuuvunja.

Kwa usafi, turubai huoshwa kwa mpira wa maji na kukauka mara moja. Kamba za asili na maungio ya mbao yana nyufa, kwa hiyo kitoe juani kila wiki, mwagia maji ya moto kwenye maungio, na ukague kupe kwa macho. Bomba la chuma karibu na bahari, Kigamboni au Mbezi Beach, hushika kutu kwa chumvi ya hewa. Lipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla halijatoka kwa fundi, vinginevyo utalikuta limeliwa kwenye maungio.

Utulivu wake ni mzuri ukikiegemeza ukutani, maana mbwa wengi hulala mgongo ukigusa kitu. Kikiwa katikati ya baraza atalala kifua chini akichunga. Kwa watu wa nyumba, kina faida ya kuwa mali inayohamishika: leo baraza la nyuma, kesho kivulini, na hakuna manyoya yanayoganda kwenye zulia la mtu.

Kinamfaa mbwa wa wastani na mkubwa mwenye afya, mlinzi mwenye sugu, na nyumba isiyo na kiyoyozi.

Banda la nje

Picha nyingi za mabanda ya mbwa zinazozunguka mitandaoni ni za nchi za baridi: kijumba kidogo, paa la mgongo, mlango wa duara unaomtosha mbwa kwa shida. Udogo ule una kazi yake kule. Mbwa anajaza nafasi, joto la mwili wake linabaki ndani, anavuka theluji. Ukilihamishia Tabata, ukaliezeka bati na kuliacha juani, umejenga oveni.

Na kuna jambo moja zaidi linalosahaulika. Mbwa wa ulinzi wengi Dar hufungiwa mchana na kufunguliwa usiku geti likishafungwa. Maana yake usingizi wake mzito ni wa mchana. Tunalipima banda jioni, tunapofika kutoka kazini na upepo umeanza, tunaona lina hewa. Yeye anaishi humo saa nane mchana. Lipime saa nane. Ingiza mkono hadi bega, uuache humo dakika kadhaa, gusa bati kwa ndani. Kisha mtazame: mbwa aliyesimama au aliyekaa kitako mchana kutwa, akihema, hajapata pa kulala. Na mbwa asiyelala mchana hatakulindia usiku. Atakuwa mkali kwa kila mtu au atasinzia mwizi akipita.

Banda la Dar liwe na kuta mbili za wavu au nondo, na mbili tu za kuziba, upande mvua inakotokea na upande wa magharibi, kuzuia jua la alasiri. Paa la bati livikwe makuti juu, au liinuliwe na kuachiwa nafasi kubwa chini yake ya hewa kupita. Chini ya mwembe ni pazuri kuliko ukuta mtupu. Sakafu yake iinuke juu ya ardhi, kwani masika ya Machi hadi Mei huingiza maji hata kwenye nyumba za watu, sembuse banda. Ndani awe na nafasi ya kusimama, kugeuka, na kulala ubavu miguu ikiwa imenyooka. Kama anaweza kujikunja tu, mkao huo haumaanishi ubaridi tena, ni ufinyu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini hata bila sheria, mbwa anayekulindia watoto anastahili kunyoosha miguu.

Kwa viungo, banda halina jibu lenyewe. Linategemea ulichoweka ndani, na saruji tupu ya banda ina matatizo yote ya sakafu pamoja na unyevu. Kitanda cha kamba ndani ya banda ni mchanganyiko mzuri sana.

Utulivu unategemea anachokiona. Banda linalotazama geti linamweka kazini saa zote. Ligeuze lielekee nyumba au ukuta wa nyuma, na utashangaa jinsi mkao wake utakavyobadilika kutoka kifua chini kwenda ubavu.

Kwa wadudu, kupe hupenda nyufa za mbao na matofali yasiyopigwa plasta. Piga plasta, paka chokaa, fagia kila siku. Nzi huuma ncha za masikio, hasa ya mbwa wenye masikio yaliyosimama, mpaka zinatoka damu; mkojo na mabaki ya chakula ndivyo vinavyowaita. Siafu wakipita, mbwa aliyefungiwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo usiku komeo lisiwe la kumshinda mtu wa nyumbani kufungua upesi.

Mbwa anayelikimbia banda na kuchimba shimo mchangani anatafuta ubaridi wa chini. Mchanga wa kivulini unapoza kweli, lakini ndimo walimo funza na minyoo ya safura, pamoja na yule nzi niliyemtaja. Usimchape kwa kuchimba. Punguza joto la banda, na shimo lifukie.

Banda linawafaa walinzi, nyumba zenye uwanja, na familia ambazo mbwa haingii ndani kwa sababu ya ibada au ya wapangaji wengine. Haliwafai wenye pua bapa, vitoto, wala mgonjwa.

Mikao ambayo malazi hayaiponyi

Mbwa kulala kwa mkao wa ajabu si tatizo kama ndivyo alivyolala siku zote. Mabadiliko ndiyo ya kufuatilia. Aliyekuwa akilala ubavu akaanza kulala ameketi, au shingo imenyooshwa mbele na viwiko vimepanuliwa mbali na kifua, anatafuta hewa. Huenda ni moyo au mapafu. Hesabu kifua kinavyopanda akiwa amelala, nusu dakika, zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikizidi hapo usiku baada ya usiku, mwone daktari wa mifugo.

Kifua chini na makalio juu ni mkao wa kucheza ukidumu muda mfupi tu na mkia ukitikisika. Akikaa hivyo kwa muda, haonekani mwenye raha na anatapika, tumbo linauma. Anayebana paji la uso ukutani na kubaki hapo, usisubiri kesho. Miguu inayotikisika kwa ndoto hutulia ukimwita jina. Mwili uliokakamaa wote, macho wazi, mkojo ukitoka, na asisikie anapoitwa, ni kifafa. Na mbwa aliyejitandaza akihema kwa nguvu, ute mzito mdomoni na ufizi mwekundu sana, amezidiwa na joto. Mpeleke kivulini penye upepo, mmwagie maji ya kawaida, si ya barafu, kisha daktari.

Kwa hali yako

Unaishi ghorofani Upanga au Kariakoo, mbwa mdogo, feni na marumaru: acha sakafu iwe malazi yake ya mchana, ongeza godoro dogo la usiku lenye ukingo. Kumbuka feni humsaidia yeye kidogo kuliko inavyokusaidia wewe, kwa kuwa hana jasho la kukaushwa. Ukiwasha kiyoyozi na akaanza kujikunja, godoro lisogezwe mbali na upepo wake.

Una mbwa wa kienyeji au jamani shepadi wa ulinzi, nyumba ya uwanja Kimara au Goba: banda la wazi chini ya mti, kitanda cha kamba ndani, mlango usitazame geti. Pesa zikitosha kimoja tu, anza na kitanda na kivuli. Kuta zitafuata kabla ya masika.

Nyumba ya kupanga yenye familia kadhaa: kitanda cha turubai kwenye kona moja inayojulikana na wote, mbali na vyombo na mahali pa kuswalia, na mbwa afundishwe kukitambua kama chake. Zungumza na majirani kabla hujamleta.

Mbwa mzee anayechelewa kuinuka: godoro nene chini, mkeka au zulia lisiloteleza kuanzia hapo hadi mlangoni, na daktari amwangalie nyonga. Maumivu ya uzee yana dawa. Zile za watu usimpe, nyingi ni sumu kwake.

Mtoto wa mbwa aliyetoka kwa mama yake juzi: boksi lenye blanketi la mtumba linalofulika, ndani ya nyumba au barazani pasipo na upepo mkali, hadi meno yaache kutafuna. Kitanda chake cha ukubwani usikipimie sasa.

Na kama bado huna uhakika, usinunue chochote kwanza. Weka pamoja sehemu moja kipande cha sponji, gunia lililokunjwa na marumaru tupu, umwache achague. Mtazame saa nane mchana na saa kumi alfajiri, uone yuko wapi na amelalaje. Akishajinyoosha ubavu, mpime kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, ongeza sentimita 20, na hicho ndicho kipimo cha kumpelekea fundi.